Foleni ya mkasi: watoto 38, likizo ya Juni na kilo nne za katani

Saa tano na dakika kumi asubuhi, mtoto wa 20 alisimama mbele yangu na sahani yake ya karatasi, akingoja nimtobolee matundu ya macho. Nyuma yake walikuwa 18. Waliokwisha kutobolewa walikuwa uani wakikimbizana na barakoa za simba zenye gundi mbichi, na wawili walishashikana mashati kwa sababu mmoja amekalia simba wa mwenzake. Kijana wangu msaidizi alikuwa bombani anawaosha wadogo rangi. Mama fundi alikuwa amepiga magoti anatafuta kifuniko cha chupa ya gundi kilichoviringika chini ya kabati. Mimi nilishika mkasi pekee uliokuwa unakata vizuri, na kidole gumba kilishaanza kutoka lengelenge.

Kazi ile nilikuwa nimeichagua mwenyewe, tena kwa furaha.

Tulikuwa Tanga mjini, kwenye ukumbi mdogo wa jumuiya wenye veranda pana na mwembe mmoja nyuma. Likizo ya Juni, siku kumi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki mbili, kuanzia saa nne mpaka karibu saa saba. Watoto 38: wa chekechea 11, wa darasa la kwanza hadi la tatu 17, na wakubwa 10 wa miaka kumi hadi kumi na tatu. Wasimamizi tulikuwa watatu: mimi, kijana aliyetoka kumaliza kidato cha sita akisubiri chuo, na mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa pili ambaye binti yake alikuwa kundini. Fungu la vifaa lilikuwa shilingi 150,000 kwa siku zote kumi. Ukiligawa, unapata chini ya shilingi 400 kwa mtoto kwa siku.

Namna nilivyochagua barakoa ndiyo namna wengi tunavyochagua. Usiku nililala na simu, nikaangalia picha za vitu vilivyokwisha kutengenezwa, nikapenda simba mwenye manyoya ya vipande vya karatasi ya njano. Kwenye picha kulikuwa na simba mmoja na mtoto mmoja. Sikujiuliza simba 38 watazaliwaje chumba kimoja asubuhi moja.

Hesabu yake niliifanya baadaye, nikaona aibu. Tulikuwa na mikasi 6, miwili tu ikikata. Sahani ya karatasi huwezi kuitoboa katikati kwa mkasi wa mtoto. Lazima ncha kali, na ncha kali lazima mtu mzima. Dakika mbili kwa kila mtoto: kushika sahani, kupima macho yalipo, kutoboa, kuzungusha mkasi. Watoto 38 mara dakika mbili ni dakika 76. Wa mwisho alisimama zaidi ya saa nzima ili apate matundu mawili, kisha akapaka rangi kwa robo saa. Ugomvi wote wa siku ile, ukiacha mmoja, ulitokea kwenye foleni au kwa waliokwisha kutoka kwenye foleni wasiwe na la kufanya. Mimi nikawa nawagombeza watoto. Sasa nikikumbuka, nadhani walijitahidi sana kuvumilia. Mtu mzima akiwekwa saa nzima benki bila kiti huwa na maneno makali kuliko yale.

Na kuna jingine lililonichoma zaidi. Wakubwa 10 walimaliza sehemu yao kwa dakika kumi, mmoja akasema waziwazi, "Anti, hii si ya chekechea?" Wa chekechea wenyewe nao hawakufanya kitu: nilitoboa mimi, fundi akabandika manyoya, kijana akafunga mpira wa kuvalia. Tulipozitundika barakoa ukutani, hakuna mtoto wa chekechea aliyeweza kuonesha ya kwake. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa zetu.

Jumanne nilidhani nimejifunza: kazi isiwe na mkasi. Tukafanya picha za nafaka. Maharage, kunde na mchele vinagandishwa kwenye manila kufuata mchoro wa samaki au mnazi. Gundi tulipika wenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, unga unakorogwa kwanza na maji baridi usiwe na madonge, halafu unapikwa moto mdogo mpaka ung'ae. Ni gundi nzuri kwa karatasi, rahisi, na mtoto akiilamba hakuna kesi. Foleni haikuwepo kabisa. Kila mtoto alikuwa na manila yake, bakuli katikati ya wanne, mikono yote ikishughulika. Kwa dakika 40 ukumbi ulikuwa umetulia hata ukasikia kunguru nje.

Kisha mtoto mmoja wa miaka mitano akaja kwa fundi akiwa ameinua kichwa, anapumua kwa mdomo. Harage lilikuwa puani. Na harage kwenye unyevu halikai kama lilivyo, linavimba. Mama yake aliitwa, tukaenda wote kituo cha afya, na tabibu akamwelekeza mama afanye kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona: akazibe tundu la pua lisilo na kitu kwa kidole, mdomo wake aufunike mdomo wa mtoto, apulize kwa nguvu mara moja. Harage likatoka likadondoka kwenye khanga. Mtoto akacheka. Mama yake hakucheka, na mimi ndiyo kabisa. Nilikuwa nimewaza maharage kama rangi nyekundu tu. Sikuwaza kwamba yanaingia puani, wala kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa, na mbele yetu walikuwa watoto ambao kila kitu hukijaribu kwa meno.

Tuliporudi, bibi wa watoto wengine wawili alikuwa amekuja kuwachukua. Alisimama mlangoni akatazama meza. "Mnagandisha chakula?" aliuliza. Nikasema, "Shikamoo bibi, ni mafunzo tu." Akaitikia marahaba, akawashika wajukuu mikono, akaondoka. Kesho yake hawakuja.

Wako watakaosema bibi alikuwa mkali bure, maana gharama ya kilo mbili za maharage ni ndogo. Mimi naona hakuwa anazungumzia gharama. Kuna nyumba ambazo kipande cha mkate kikianguka kinaokotwa na kuwekwa pembeni kwa heshima, na mtoto wa nyumba hiyo huwezi kumwambia leo chakula ni pambo, kesho ni riziki. Kama mtu anaendesha kundi la watoto wa nyumba mchanganyiko, ajue kwamba nyenzo ina adabu zake hata kabla haijafika mezani. Hilo halimo kwenye picha za simu.

Usiku, panya walimaliza mjadala. Picha 11 tulizikuta zimetafunwa, unga na nafaka pamoja. Hawakubagua mnazi wala samaki.

Jioni ile ya Jumanne tulikaa watatu verandani na chai. Kijana alikuja na wazo kubwa: Tingatinga. Nalimwelewa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akiuza karibu na Msasani, na kabla ya kufariki mwaka 1972 alikuwa ameshaanzisha namna ya kuchora ambayo leo inajulikana duniani kote. Mtoto wa Kitanzania kuchora twiga na ndege wenye madoa kuna mantiki kuliko simba wa sahani. Lakini mtindo ule ulizaliwa na rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba. Hazikauki asubuhi moja, zikishika ngozi lazima mafuta ya taa au thina, na harufu yake kwenye chumba cha watoto 38 ni maumivu ya kichwa. Kuna na suala la madini ya risasi, sumu inayopatikana kwenye baadhi ya rangi: kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni sehemu 90 kwa milioni tu, na kopo la rangi ya mafuta lisilo na maelezo dukani haliwezi kukuambia kama limezidi. Kijana akasema tutumie rangi za maji. Fundi akauliza, "Brashi ngapi?" Tulikuwa na brashi 9.

Ndipo fundi akasema lile neno ambalo mimi nimelishika mpaka leo. Alisema dukani kwake ana cherehani moja na wasichana watano wanaojifunza. Cherehani haigawanyiki. Kwa hiyo wa kwanza anashona, wengine wanapiga pindo kwa mkono, wanatoa nyuzi, wanafunga vifungo, wanapiga pasi; asiyejua lolote anachambua vipande vya kitambaa kwa rangi. "Wewe unauliza mtoto atatoka na nini," akaniambia. "Niulize mimi: wewe unapokata, mtoto yule wa mwisho mikono yake iko wapi?"

Nimeshasoma maelekezo mengi ya kuchagua kazi za mikono za watoto. Yanataja umri, usalama, gharama, ubunifu, usafi. Yote ni kweli. Lakini sikuwahi kuona swali la mikono ya mtoto wa mwisho likiwekwa mbele, na kwa kundi la zaidi ya watoto kumi na tano naliona ndilo linaloamua. Kazi moja inaweza kuwa bora kwa watoto wanne na ikawa maafa kwa 38, bila kitu chochote ndani yake kubadilika.

Jumatano tulifinyanga udongo wa kichuguu. Sitasema mengi. Udongo hauna foleni, hauna umri, hauna mkasi, na mtoto wa miaka mitano na wa kumi na mbili hukaa meza moja bila mmoja kuona mwenzake ni mzigo. Vyungu na magari yalipasuka tulipoyaanika juani, maana udongo unataka kivuli na siku kadhaa, na hatukuwa na tanuri. Hakuna aliyelia. Walivunja wakafinyanga upya. Jamani, udongo ni udongo.

Alhamisi ndiyo siku ninayotaka kuieleza vizuri.

Baba yake fundi alikuwa mkata mkonge. Ukiwa Tanga hilo si ajabu. Mkonge umeutengeneza mkoa huu. Miche ya kwanza ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa ilifika hai 62. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba, reli ndogo za shambani, na majina ya kambi ambayo mpaka leo ni majina ya vitongoji. Watoto wetu wote walikuwa wameuona mkonge barabarani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kushika katani, yaani nyuzi za mkonge huo, kama kitu cha kutengenezea kitu. Kwao katani ilikuwa gunia.

Tukanunua nyuzi za katani zilizosokotwa kiwandani, karibu kilo nne. Lengo: kila mtoto atoke na kamba yake ya kuruka. Kamba moja ilihitaji nyuzi nne za mita tano kila moja, jumla mita 20, kwa hiyo mita 760 kwa wote. Tulizikata sisi usiku, tukazifunga mafungu 38. Kukata ni kazi ya mkasi, na tulishajua mkasi ukiingia mchana unaleta foleni. Kwa hiyo foleni tukaikalia wenyewe usiku, na redio.

Namna ya kusokota ni hii. Fungu la nyuzi nne linafungwa ncha zote mbili kwenye penseli. Watoto wawili wanasimama mbalimbali, uzi umekazwa kati yao, kila mmoja anazungusha penseli yake. Uzi ukishajaa msokoto, unaukunja katikati, ncha mbili zinakutana, na unapouachia kidogokidogo unajisokota wenyewe kuwa kamba nene ya nyuzi nane, mita mbili na kidogo. Msokoto wa kwanza unataka kufunguka, na katika kutaka kufunguka ndipo unaposhikana na mwenzake. Ukiufanya mbele ya watoto bila kuwaeleza, ukaiachia tu ile kamba ijipinde hewani, wanapiga kelele kama wameona nyoka.

Sasa angalia mikono. Uzi wa mita tano ukilegea kabla ya kukunjwa unajifunga vifundo ovyo, kwa hiyo lazima awepo wa tatu wa kushika katikati, auvute usilegee huku wenzake wakisogeleana. Kazi hiyo haitaki ufundi, inataka kutoachia. Mtoto wa chekechea anaijua sana kazi ya kutoachia. Tukagawa makundi 12 ya watatu watatu, tulivyoweza mmoja mkubwa, mmoja wa kati na mdogo mmoja, na kundi la mwisho la wawili ambalo wa tatu wao alikuwa nguzo ya veranda. Makundi yote yakafanya kazi kwa wakati mmoja, wamejipanga sambamba kutoka verandani mpaka chini ya mwembe. Sisi watu wazima watatu tukawa hatuna kazi maalumu. Tulizunguka tu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza wiki ile nilikunywa chai yangu ikiwa moto.

Kamba ya kwanza ilichukua karibu dakika 25 na makundi mengi yalikosea kosa lilelile. Watoto wawili wakitazamana, wakiambiwa "zungusheni upande mmoja", wanazungusha upande mmoja kwa macho ya anayewatazama pembeni. Na hapo mmoja anasokota, mwingine anasokotoa. Wakafika mia moja na uzi uko vilevile. Dawa yake ni kila mmoja azungushe kwenda kulia kwake mwenyewe. Tuliligundua baada ya wakubwa wawili kubishana, mmoja akaenda kusimama upande wa mwenzake akaona. Kamba ya tatu ya kila kundi ilitoka kwa dakika 12 hivi.

Kuhesabu kukaja kwenyewe. Mzunguko unahitaji kufika mia na ushei, na kundi linalohesabu vibaya kamba yake inatoka dhaifu, inaonekana. Kwa hiyo watoto wa darasa la pili wakawa wanahesabu kwa sauti na wa chekechea wanaitikia huku wameng'ang'ania katikati, na ukipita unasikia "sabini na tisa, themanini" kutoka makundi 13 kila moja na mahali pake.

Kulikuwa na mvulana wa miaka tisa ambaye mkono wake wa kushoto haukunjuki vizuri. Jumatatu alikaa kwenye benchi na barakoa aliyotengenezewa. Penseli inahitaji mikono miwili, mmoja kushikilia na mmoja kuzungusha. Kijana wetu akatoboa tundu kwenye kipande cha ubao karibu na ncha, akakipitishia kijiti kama mpini, uzi ukafungwa kwenye ubao. Ukitikisa mkono mmoja tu, ubao unazunguka kama pangaboi. Mvulana huyo ndiye alikuwa kundi la nguzo. Alimaliza wa kwanza katika ukumbi mzima. Dakika tano baadaye kila mtoto alitaka pangaboi na tukawa na foleni nyingine, hii ya furaha. Kijana akachonga tano zaidi.

Ncha za kamba zilizungushiwa vipande vya vitenge kutoka kapu la fundi, zisifumuke na mkono usiumie. Wadogo waliichukua kazi ile kwa uzito kama wanafunga bandeji. Halafu wakaruka. Saa sita na nusu uani kulikuwa na vumbi tu.

Matatizo yalikuwepo, tusidanganyane. Katani inawasha, watoto watatu walikwaruzwa vidole, na tungefanya busara kuzilowesha nyuzi kidogo kabla, manyoya yake yalale. Kuna aliyegundua kwamba kamba ya kuruka ni fimbo nzuri ya kuchapia miguu ya wenzake. Na kamba na shingo ni mambo mawili ambayo hayapaswi kukutana, kwa hiyo tulikuwa na sheria moja tu siku ile: ikipanda juu ya mabega, inakuja kwangu. Zilikuja nne. Mvulana mmoja wa miaka kumi na mbili aliuza yake kwa shilingi 500 kabla hajatoka getini, akarudi kuniomba nyuzi za nyingine.

Aliyetukodisha ukumbi hakufurahi. Alitaka Ijumaa ya mwisho wazazi waalikwe, kuwe na meza ya maonesho na picha za kurusha. Alizitazama kamba akasema, "Hizi si kamba tu?" Ndiyo, zilikuwa kamba tu. Kamba haipigwi picha. Mzazi mmoja, aliyesoma shule ya msingi enzi za Elimu ya Kujitegemea, alinitania kwamba kumbe tumerudi kwenye kufuma mafagio. Hakuwa anasifia, na nilimwelewa. Kwa wengi wa umri wake kazi za mikono ilikuwa jina la heshima la kufagia uwanja wa mwalimu.

Mafanikio yale yakanipa kiburi, na wiki ya pili ikakipunguza. Niliamua kwamba siri ni vitu vya kwetu, vya asili. Kwa hiyo ukili, ule msuko wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Nini cha pwani kuliko ukili? Tukamwomba mama mmoja anayesuka mikeka aje Jumatatu na ukindu wake, umeshachanwa, umetiwa rangi, umeloweshwa. Mama yule ana mikono ya ajabu. Na ndani ya nusu saa nikaiona foleni yangu ya mkasi imerudi, imevaa baibui. Ukili wa mkeka unaanza na chane, vile vipande vyembamba vya ukindu, nyingi kuliko vidole vya mtoto vinavyoweza kuzitunza. Mtoto akikosea chane moja, wote unaharibika, na anayejua kuurudisha ni mmoja. Watoto zaidi ya 30 wameshika chane zilizochanganyikana, wameinua mikono, wanamwita mama yule. Mama mmoja.

Kwa hiyo si kweli kwamba kazi ya asili inalifaa kundi kwa kuwa ni ya asili. Ukili haujawahi kufundishwa watoto 38 kwa asubuhi moja. Unafundishwa barazani, mtoto mmoja au wawili pembeni ya mama, miezi na miaka, wakianza na kuchana tu. Sisi tuliuchomoa kwenye mwendo wake tukaulaumu kwa kuchelewa.

Tuliokoa tulichoweza. Jumanne mama yule alikaa na wakubwa 10 peke yao, akawafundisha msuko wa chane nne. Jumatano kila mkubwa akachukua mmoja au wawili wa darasa la kwanza hadi la tatu. Wa chekechea hatukuwapa ukindu kabisa. Tulifunga vipande vitatu vya kitenge, kila kimoja na rangi yake, kwenye migongo ya viti, wakasuka msuko wa tatu kama wa nywele. Wavulana wawili walisema ni mambo ya wasichana. Kijana wetu akakaa chini akasuka mita nzima kimya. Maneno yakaisha.

Waliobaki bila kazi Jumanne tuliwapa ndala. Ndala zilizochakaa ziko kila jaa, na pwani zinaletwa na maji bure. Kijana alikuwa ameona picha za ile dau ya Lamu iliyozinduliwa mwaka 2018, imejengwa kwa plastiki chakavu na kufunikwa ndala 30,000, ikasafiri mpaka Zanzibar mwaka uliofuata. Usiku tukakata mashua 40 kwa kisu kikali. Mchana watoto wakaweka mlingoti wa kijiti na tanga la kiroba. Kwenye beseni zote zilipinduka. Ndala inaelea juujuu sana, tanga likipata upepo linailaza. Hatukuwaambia la kufanya. Mmoja akapigilia msumari mrefu chini, ukasimama kama mkuku. Mwingine akaongeza mbawa mbili za pembeni kama ngalawa, na ya kwake ndiyo ilivuka beseni. Baada ya hapo wote wakawa mafundi wa ngalawa, na hakuna aliyekumbuka muda wa kwenda nyumbani.

Siku ya maonesho tuliweka meza mbili. Barakoa zilikuwa mbele kwa sababu mwenye ukumbi alizitaka mbele, na kweli wazazi walizipiga picha. Baba mmoja akamuuliza binti yake wa miaka sita, "Ya kwako ipi?" Binti akatazama simba wote kwa zamu, akaonesha mmoja kwa kubahatisha. Kisha akamvuta baba yake mkono mpaka meza ya pili, akachomoa kamba moja kutoka rundo la kamba zinazofanana, bila kusita hata kidogo. "Hii," akasema. "Hapa niliachia kidogo, ona kifundo."

Wale wajukuu wawili wa bibi walirudi wenyewe siku ya kamba, sijui kwa ruhusa ya nani. Bibi hakuja kwenye maonesho.

Mwezi wa nane nilipita mtaa wa nyuma ya soko nikaona mbuzi amefungwa kwenye mchongoma. Kamba yake ilikuwa ya katani, ncha imezungushiwa kitambaa cha kitenge chenye maua ya njano, kilekile nilichokikata mimi kutoka kapu la fundi. Mvulana wa kundi la nguzo alikuwa amekaa kizingitini.

"Shikamoo anti. Baba kaichukua," aliniambia, akimtazama mbuzi. "Kasema haikatiki. Kanipa hela ya katani nyingine, ila hajui zinauzwa wapi."